Shujin, danna au otto: nimtajeje mume wangu kwa Kijapani?

*"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Moshi, nimeolewa na Mjapani niliyekutana naye alipokuja kwetu kufundisha hesabu kwa kujitolea. Sasa tumehamia mkoa wa Shizuoka, karibu na wazazi wake, na mtoto wetu ameanza chekechea. Mama mkwe akizungumza na watu kuhusu baba mkwe husema 'shujin'. Majirani wananiuliza habari za 'goshujin'. Nilipofungua kamusi nikakuta: bwana, mkuu, tajiri wa mtumishi, mwenye mbwa. Na kweli, kwenye runinga nimesikia mwenye mbwa akiitwa goshujin! Juzi kwenye kikao cha wazazi nilijikaza nikasema 'watashi no goshujin', watu wakatazamana na mmoja akaficha kicheko. Wifi yangu husema 'danna'. Rafiki yangu wa Kijapani ananiambia shujin ni neno la kumdhalilisha mwanamke, nitumie 'otto'. Na kwenye karatasi ya manispaa mume wangu kaandikwa 'setainushi', mimi nimeandikwa mke tu. Nauliza kwa dhati: nimeolewa au nimemilikiwa? Na nitumie neno gani nisimkosee mama mkwe wala nisijidharau?"*

Marahaba, mwanangu. Umeuliza mambo matatu kwa mkupuo mmoja: neno hili limetoka wapi, linatumikaje leo, na wewe ulitumie au uliache. Nitayajibu yote, ila nianze na lile la kikao cha wazazi, maana naona ndilo lililokuchoma zaidi.

Wale wazazi hawakucheka kwa sababu umejiita mtumwa. Walichosikia ni kosa la adabu ya lugha, la aina ambayo hata mtoto wa Kijapani hulifanya kabla hajafundishwa. Kijapani hugawa watu mafungu mawili kila mtu anapofungua mdomo: walio upande wangu na walio upande wako. Upande wangu wanauita *uchi*, yaani ndani, na upande wa pili *soto*, yaani nje. Ninapozungumza na mtu wa nje, watu wangu wa ndani nawataja bila mapambo, hata akiwa ni baba yangu mzazi au mkurugenzi wangu kazini. Watu wako wewe nawapamba. Kipambo kimojawapo ni hicho kisilabi *go-* kinachotangulia neno. Kwa hiyo *shujin* ni mume wangu mimi ninayesema, na *goshujin* ni mume wako wewe ninayekusemesha, au mume wa mwingine. Uliposema *watashi no goshujin* ulikuwa kama mtu anayesema mbele ya wageni, "mheshimiwa mume wangu". Sarufi ilikuwa sawa, lakini pambo lilikaa mahali pasipo pake.

Hapo pana jambo ambalo kamusi haikukuambia, nalo ndilo linalofumbua nusu ya fumbo lako. Mama mkwe anaposema *shujin* mbele ya jirani, katika mizani ya adabu ya Kijapani anamshusha mumewe, hamkwezi. Kamtaja bila *go-*, bila *-san* wala *-sama*, viambishi vya heshima vinavyofuata jina. Jirani naye anajibu kwa kumpandisha: *goshujin*. Wakitoka hapo, mazungumzo yakimgeukia mume wa jirani, watabadilishana nafasi. Yule bwana mwenye mamlaka aliyemo ndani ya herufi hasikiki tena masikioni mwao. Wanachosikia ni wa kwangu na wa kwako.

Jambo hili halipaswi kuwa geni kwako, maana umekua na Kiswahili. Fikiria neno letu *bwana*. Tuna bwana na mtumwa, bwana harusi, bwana shamba, Bwana Yesu, Bwana Juma, na "acha bwana!" ya vijana wakitaniana. Mwanamke wa Tanga akisema "bwana'ngu kasafiri", hakuna anayedhani anamzungumzia mmiliki wake. Na Kijapani kimefuata njia hiyo hiyo kwa ukaribu wa ajabu. Herufi ya kwanza ya *shujin*, yaani 主, ikisomwa peke yake *shu*, ndiyo ambayo Wakristo wa Japani humwitia Mungu wao. Wakisema *Shu yo* wanasema "Ee Bwana". Herufi ya pili, 人, ni mtu. Ukiziunganisha unapata mtu mkuu wa mahali: mwenye nyumba, mwenyeji anayepokea wageni, mwenye duka, mwenye mbwa, na mume. Ukiongeza herufi moja mwishoni unapata *shujinkoo*, mhusika mkuu wa hadithi, awe mwanamume, mwanamke au sungura.

Kuhusu mbwa usione vibaya. Umeishi huko, bila shaka umepita kituo cha treni cha Shibuya, Tokyo, au umesikia habari za Hachikoo, yule mbwa aliyeendelea kumngoja profesa Ueno Hidesaburoo kituoni hapo kwa karibu miaka kumi baada ya profesa kufa mwaka 1925, mpaka naye alipokufa Machi 1935. Wajapani wakisimulia habari hiyo, profesa anaitwa *shujin* au *goshujin* wa Hachi. Ni neno lile lile lenye kazi mbili, na msikilizaji huamua maana kwa kutazama anayezungumziwa ni nani.

Sasa nimpe rafiki yako haki yake, kwa sababu naye hakukosea. Neno hili lina historia, na historia hiyo haikuwa ya adabu ya mazungumzo peke yake.

Zamani *shujin* alikuwa mkuu wa nyumba ya biashara au ya ukoo, mwenye vijana wa kazi waliokula na kulala kwake. Mke wa nyumba hiyo, akizungumza mbele ya wafanyakazi na wateja, alimtaja mumewe kwa cheo chake. Kisha ikaja sheria ya kuupa ukuu huo meno. Sheria ya Madai ya mwaka 1898 iliweka kila familia chini ya mkuu mmoja aliyeitwa *koshu*, karibu siku zote mwanamume. Mwanamke akiolewa aliingia katika nyumba ya mumewe na kuchukua jina lake. Alihitaji idhini ya mume ili kukopa, kuuza mali kubwa au kwenda mahakamani. Mke wa enzi hizo alipomtaja mumewe *shujin*, maana ya kamusi na maana ya sheria zilikaribiana mno. Mwanamke wa Kijapani wa leo anayekataa neno hilo halalamikii kivuli.

Sheria hiyo haipo tena. Katiba iliyoanza kutumika tarehe 3 Mei 1947 inasema katika kifungu cha 24 kwamba ndoa itasimama juu ya ridhaa ya pande mbili tu, na kwamba mume na mke wana haki sawa. Katika rasimu ya haki hizo alikuwepo msichana wa miaka 22, Beate Sirota, aliyelelewa Tokyo na kuona kwa macho yake jinsi wake walivyoishi. Aliifanya kazi hiyo Februari 1946 ndani ya ofisi za Wamarekani waliokuwa wakiitawala Japani baada ya vita. Sheria ya Madai iliyorekebishwa ikaanza Januari 1948 na ule ukuu wa nyumba ukafutwa. Ila neno halikufutwa pamoja nao. Likaendelea, hata likashamiri kwa wake wa mijini ambao waume zao walikuwa wafanyakazi wa mshahara, wasio na kijana wa kazi hata mmoja wa kuwaita bwana.

Usidhani kuna neno la kale lililo safi kabisa la kurudia. Wake wengi wa zama za Meiji (1868 hadi 1912) walisema *taku* au *yado*, maneno yenye maana ya nyumba au makazi, wakikusudia mume. Hilo wewe utalielewa upesi, maana kwetu pia mwanamume wa pwani humuuliza mwenzake "nyumbani hawajambo?" akimkusudia mke bila kumtaja. Na wanaume wa Kijapani nao walikuwa na yao, na bado wapo wanaoyatumia: *kanai*, yaani wa ndani ya nyumba, na *okusan*, linalotokana na neno la upande wa ndani kabisa wa nyumba, ambalo ni heshima kwa mke wa mwingine. Mume akawa mkuu wa nyumba, mke akawa undani wake. Maneno haya yalizaliwa pamoja, kwa hiyo ukimsikia mwanamke akikataa *shujin*, mara nyingi utamkuta hapendi kuitwa *okusan* pia.

Lakini kuna neno moja ambalo hupenda kuwaonyesha wanafunzi wangu kabla hawajaamua kwamba ile herufi 主 ni ya wanaume. Mke anayeshinda nyumbani akiendesha mambo ya familia huitwa *shufu*, na linaandikwa kwa herufi hiyo hiyo ya ukuu, ikifuatwa na herufi ya mwanamke. Naye ni mkuu wa nyumba kwa maandishi. Siku hizi mwanamume anayebaki nyumbani kulea naye ni *shufu*. Hubadilishwa herufi ya pili tu, matamshi yanabaki yale yale.

*Danna* analosema wifi yako ndilo neno ninalolipenda zaidi kulieleza, kwa sababu safari yake ni ndefu kuliko yote. Mwanzo wake ni Sanskriti, *dāna*, yaani kutoa, sadaka. Dini ya Buda ilipovuka kutoka India hadi China, Wachina wakaliandika kwa kufuata sauti yake, na watawa wakalifikisha Japani. Huko *danna* alikuwa mfadhili wa hekalu, anayewatunza watawa kwa mchele na fedha. Mpaka leo familia iliyo chini ya hekalu fulani, ambayo hekalu hilo huizikia wafu wake, huitwa *danka*, na neno hilo ni ndugu wa danna. Wakati wa utawala wa ukoo wa Tokugawa (1603 hadi 1868) karibu kila familia ililazimika kuandikishwa hekaluni ili kuthibitisha kwamba si ya Wakristo, kwa hiyo uhusiano wa mtoaji na mtunzwaji ulijulikana kila kijiji. Kutoka hapo danna akawa yeyote atoaye fedha: tajiri wa duka kwa mfanyakazi wake, mteja mnono kwa mchuuzi, mfadhili wa geisha, yaani mwanamke msanii anayeburudisha wageni. Na mwisho mume, kwa kuwa ndiye aliyeleta kipato nyumbani.

Kwa hiyo ukichimba mizizi, danna hana usawa zaidi ya shujin. Mmoja ni mkuu, mwingine ni mlipaji. Tofauti yao leo ni ya hali ya mazungumzo. *Danna* ni la mazoea, la marafiki wa kike wakipiga soga, na wanawake vijana hulitumia bila kufikiria hekalu wala geisha. Ukilisikia katika mchezo wa zama za samurai, mchuuzi akimwita askari "danna!", hapo si mume tena, ni kama "mzee" au "bosi". Kumtaja mume wa rafiki yako utasema *danna-san*. Dukani au hotelini muuzaji atasema *danna-sama*. Mbele ya mwalimu mkuu wa chekechea au bosi wa mumeo usiseme *danna* kwa mume wako mwenyewe. Halitusi, ila linasikika limevaa kandambili ofisini.

*Otto*, alilokushauri rafiki yako, ndilo lenye mzigo mwepesi kuliko yote. Limetokana na maneno ya kale yenye maana ya "mtu mwanamume", yakafupika kwa karne nyingi. Ndilo neno la sheria na la fomu, ndilo utakalokutana nalo zaidi katika habari, na mwenziwe ni *tsuma*, mke. Nikuongezee hapa kitu ambacho Wajapani wengi hawakikumbuki: katika mashairi ya karne ya 8, *tsuma* lilikuwa la wote wawili. Mume alimwita mkewe tsuma, na mke alimwita mumewe tsuma. Kubana maana yake mpaka likawa la mwanamke peke yake kulikuja baadaye.

Kwa mume wako mwenyewe, basi, ushauri wangu ni huu: zoea *otto* na utembee nalo kila mahali penye watu wa nje. Kikao cha wazazi, hospitali, benki, simu ya bosi wake. Akipiga bosi, ile sentensi ya adabu ambayo wake huisema, *shujin ga itsumo osewa ni natte orimasu*, yaani tunashukuru kwa jinsi mnavyomtunza siku zote, unaweza kuisema vile vile ukaweka *otto* mahali pa *shujin*, na adabu haitapungua hata kidogo. Ukiona *shujin* linakujia ulimini kwa sababu ndilo unalolisikia kila siku, usijilaumu. Kuna wanawake wenye kazi nzito na misimamo imara wanaolitumia maisha yao yote kwa kuwa kwao ni rasmi na la adabu.

Hadhari ya matamshi, kwa kuwa sisi Waswahili hupenda kulegeza mahali ambapo Wajapani hukaza. *Shujin* ina *u* fupi. Ukiivuta ikawa *shuujin*, umesema mfungwa wa jela, na hilo ni neno jingine kabisa lenye herufi nyingine. *Otto* nayo ina kituo kidogo kabla ya *t*, kama unayezuia pumzi kisha ukaiachia. Bila kituo hicho umesema *oto*, yaani sauti. Mwombe mwanao akusahihishe. Watoto wa chekechea wana sikio kali na hawana aibu.

Mbele ya mama mkwe mambo hubadilika, na hapa ndipo wageni wengi wanapojikwaa hata wakiwa wamejua maneno yote. Kwake yeye mumeo si mtu wako peke yako. Ni mwanawe, na nyote wawili mko ndani ya duara moja. Ukimwambia mama mzazi *otto* unamtaja mwanawe kana kwamba mama ni mtu wa nje. Mtaje kwa jina na *-san*: Kenji-san, kama jina lake ni Kenji. Na nyumbani mnapozungumza ana kwa ana, hakuna kati ya maneno haya yote linalotumika kumwita. Usimwite mumeo "shujin!" kutoka jikoni. *Goshujin-sama* ukimwambia usoni umekuwa mtumishi wa nyumba ya kitajiri, au mhudumu wa ile mikahawa ya Akihabara, mtaa wa Tokyo, ambako wasichana waliovaa kama vijakazi hupokea wateja kwa salamu hiyo. Mwite jina lake, au, kwa vile mna mtoto, fanya kama familia nyingi za Kijapani: mwite *otoosan* au *papa*, baba. Hili nalo umekua ukilisikia. Mama yako pale Moshi sidhani kama alimwita baba yako kwa jina lake la ubatizo. Bila shaka alikuwa baba fulani.

Palipo na ugumu wa kweli, na sitakuficha, ni mume wa mtu mwingine. Wako unamtaja *otto* na mambo yamekwisha. Wa jirani je? Kijapani hakina neno la heshima lililokubaliwa na wote ambalo halina bwana wala mfadhili ndani yake. Ndiyo maana hata mwanamke asiyekubali kumwita mumewe *shujin* hujikuta akimuuliza mwenzake habari za *goshujin*, na hilo humkera. Watu wamejaribu njia kadhaa. *Otsureai*, mwenza wa safari, ni zuri ila lina harufu ya uzee kidogo. *Paatonaa-san*, kutoka Kiingereza, linafaa pia kwa wasiooana na kwa wapenzi wa jinsia moja, lakini baadhi ya wazee watakuuliza unamaanisha mshirika wa biashara gani. *Otto-san*, yaani otto lililovikwa *-san*, linazidi kusikika na mimi nalipenda, ingawa sikio la mtu wa miaka sabini litashtuka, kwa kuwa amelizoea otto bila pambo. Chaguo lako hapo litegemee uliye naye. Kwa mtu mzima usiyemjua, *goshujin* bado ni salama, na kulitumia hakukufanyi umekubaliana na sheria ya 1898. Kwa wazazi wa chekechea kuna njia bora kuliko zote, na wao wenyewe huitumia: mtaje kwa mtoto. *Yuki-chan no papa*, baba yake Yuki. Mkiwa ni wewe na mke wake mnaozungumza, unaweza pia kukwepa neno kabisa ukauliza "wote nyumbani hawajambo?" Kijapani huruhusu kuacha mtendaji bila kumtaja kuliko lugha yoyote ninayoijua, na Wajapani wenyewe huitumia ruhusa hiyo kila wanapoona neno linataka kuwaumbua.

Tuje kwenye karatasi ya manispaa. *Setainushi* ni mkuu wa kaya, neno lile lile tulilolisikia kwenye sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 makarani walipobisha hodi. Herufi ya *nushi* ni ile ile 主, ikisomwa kwa Kijapani cha asili. Lakini kisheria setainushi si lazima awe mwanamume, wala si lazima awe Mjapani. Tangu tarehe 9 Julai 2012 wageni wakazi wanaandikishwa katika daftari la wakazi pamoja na familia zao, na mke mgeni anaweza kuwa setainushi kama ndiye anayebeba maisha ya kaya. Mkitaka kubadilishana, mnajaza fomu dirishani. Fahamu tu kwamba cheo hicho kina bili zake: mkiwa katika bima ya afya ya taifa, malipo ya kaya hudaiwa kwa jina la setainushi. Wewe kuandikwa *tsuma* ni kueleza uhusiano wako naye. Mngebadilishana, yeye angeandikwa *otto*.

Na kuna jambo moja ambalo wewe mgeni umelikwepa na wake wa Kijapani hawajalikwepa. Kifungu cha 750 cha Sheria ya Madai kinawataka mume na mke wa Kijapani watumie jina moja la ukoo. Sheria haisemi liwe la nani, lakini karibu asilimia 95 ya wanandoa huchukua la mume, na Mahakama ya Juu ya Japani ilikataa kukitangua kifungu hicho mwaka 2015 na tena 2021. Aliyeoana na mgeni halazimiki. Ukoo wako wa Kichaga unaweza kubaki kwenye hati zako zote. Rafiki yako anapokereka na *shujin*, huenda nyuma ya kero hiyo kuna jina alilozaliwa nalo na ambalo halipo tena kwenye kitambulisho chake. Muulize siku moja mkiwa mmetulia. Mazungumzo hayo yatakufundisha Japani kuliko kamusi.

Swali lako la mwisho ulilitia uchungu: nimeolewa au nimemilikiwa? Naomba ulitazame hilo neno *nimeolewa* lenyewe. Kwa Kiswahili mwanamume huoa na mwanamke huolewa; sarufi yetu inamfanya mmoja mtenda na mwingine mtendwa. Kijapani cha kila siku hakifanyi hivyo. *Kekkon shimashita* husema mume, na *kekkon shimashita* husema mke, kitenzi kimoja, umbo moja. Sitaki utoke hapa ukisema lugha yao ina usawa kuliko yetu, maana umekwisha kuona *shujin*. Nataka uone kwamba huwezi kupima ndoa yako kwa mzizi wa neno, la huku wala la kule. Mama yako aliolewa, kwa kitenzi hicho hicho, na wewe unajua kuliko mimi nani alishika funguo za nyumba yenu.

Kwa mama mkwe, mwache na *shujin* wake. Usimsahihishe. Ni neno la ujana wake na la adabu yake, na pengine ndani yake kuna mapenzi ya miaka mingi usiyoyajua. Siku akikuuliza mbona wewe husemi hivyo, mjibu kwa utulivu kwamba otto ndilo unalolitamka vizuri na linakukaa. Kwa mambo ya matamshi na adabu ya simu, nenda kwenye jumuiya ya maingiliano ya kimataifa ya mji wako, *kokusai kooryuu kyookai*. Miji mingi ya Shizuoka inayo, na huwa na madarasa ya Kijapani ya wajitoleaji kwa ada ndogo au bure. Mwalimu anayekusikia ana kwa ana atarekebisha katika wiki chache yale nisiyoweza kuyafikia kwa maandishi.

Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, na sikuona humo dalili kwamba mumeo anakutendea vibaya. Lakini barua kama yako husomwa na wengine, na wapo ambao kwao swali la kumilikiwa si la lugha. Mume akikushikia pasipoti au kadi ya ukazi, akikuzuia kuzungumza na ndugu zako, akikunyima hata fedha ya nauli, akikutisha kwamba ukiondoka utafukuzwa nchini, au akikupiga, usitafute kamusi, tafuta mtu. Japani ina sheria dhidi ya ukatili wa mwenza tangu 2001, na tangu Aprili 2024 amri za ulinzi za mahakama zinaweza kugusa pia vitisho vinavyoumiza akili, hata kama hakuna kipigo. Inalinda wageni sawa na raia. Mwenye kibali cha ukazi cha mke aliyeondoka nyumbani kwa sababu ya ukatili ana sababu inayokubalika mbele ya uhamiaji, kwa hiyo asiamini kwamba kuondoka peke yake kunamfuta. Namba ya simu ni #8008, nayo humwunganisha mpigaji na kituo cha ushauri cha eneo lake. Kukiwa na hatari ya papo hapo ni polisi, 110. Kama Kijapani chake hakitoshi, aende dirisha la ushauri la manispaa na mtu anayemwamini, mchana, akiwa na kadi yake ya ukazi mkononi kama anayo. Na kama imefichwa, aende hivyo hivyo na aseme imefichwa.